Fungu la Mtawa

Emilienne alimwona yaya yake, kaka yake mkubwa Ambroise, akiweka mkono kifuani. Alimjua mtu wake. Mkono ule ukishafika kifuani, kinachofuata ni ukweli mtupu, na ukweli wa Ambroise ulikuwa umeshamponza mara moja, nusura umpeleke kaburini.

Mbele ya Ambroise alisimama Boyd, mwenye mitumbwi, ameshika sahani ya bati yenye bukari, ule ugali wa huko, na kipande cha mpale, yule samaki mnene wa magamba ambaye watu wa kijiji cha Kabuta humwota ziwa likifungwa. Serikali hulifunga ziwa hilo la Mweru kila mwaka kuanzia Desemba ili samaki wazaane, na kwa miezi mitatu watu hula majani mpaka wanamkasirikia hata anayeyachuma. Mwezi wa tatu ukiingia, mitumbwi inatoka, na samaki wa kwanza hawauzwi. Wanapikwa palepale ufukweni katika sufuria moja, na kila aliyepo anapewa fungu lake, mwenyeji na mgeni, mzee na mtoto wa mgongoni. Fungu halirudi sufuriani. Fungu likirudi, nyavu nazo zinarudi tupu. Ndivyo wanavyosema, na usibishane nao, maana hata wale wanaokwenda kanisani kila jioni hula fungu lao na kulamba vidole.

Mwaka ule ziwa lilifunguliwa Jumamosi, lakini upepo ulikuwa mbaya, mitumbwi ikakaa, na sufuria ikachemka Jumatatu. Sasa ona mambo ya dunia. Jumatatu ile ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya Kwaresima ya Waorthodoksi, na mtawa wao, kama Ambroise, hali samaki katika mfungo huo. Jumapili Ambroise angekula fungu lake na kuomba la pili. Kwa ajili ya upepo tu, mtu akaingia matatani.

"Nashukuru sana, baba, lakini mimi..." Ambroise alianza.

"Yaya eko na alerji," Emilienne akamrukia. "Samaki inamuvimbishaka mwili yote. Akikula, atakufa hapa mbele yenu."

Alerji. Neno hilo alilisikia kwa muuguzi wa zahanati, akalihifadhi bila kujua litamfaa lini. Boyd aliangalia sahani, akamwangalia mtawa, akatikisa kichwa kwa huruma. Sahani ikamwendea mtu mwingine kimyakimya, na Emilienne akapumua.

Usimcheke. Pale ziwani, mtu akikataa chakula ambacho wote wanakula, maelezo ni moja tu: ana dawa. Dawa kubwa huwa na mwiko wake. Mmoja hukatazwa kushika ufagio, mwingine hukatazwa chumvi, mwingine samaki. Na mwiko hauondoki mpaka dawa ilipwe, na dawa ya namna hiyo hailipwi kwa kuku, hulipwa kwa uhai wa mtu. Emilienne alikuwa mjane, mchuuzi wa samaki, mgeni kutoka Kongo aliyekaa Kabuta kwa hisani ya watu. Alishaona nyumba ya bibi kizee mmoja ikichomwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Ambroise hakuwa padri, ingawa kijiji kizima kilimwita hivyo kwa sababu ya kanzu nyeusi na ndevu. Alikuwa mtawa. Kabla hajakatwa nywele na kupewa jina la utawa aliitwa Fabien, na Emilienne bado alimwita hivyo akiwa na hofu. Huko Kongo, juu ya mji wa Pweto, alikuwa akiishi na wenzake katika nyumba ya utawa waliyoijenga wenyewe kwa matofali ya kuchoma. Wakaja watu wenye bunduki waliosema kwamba hawa wenye kanzu ni wapelelezi wa wazungu na dini yao lazima ing'olewe. Waliwapanga mstari, wakamwuliza kila mmoja kama ni mtawa au ni kibarua tu. Waliosema ni vibarua wakaachiwa. Ambroise akaweka mkono kifuani, akasema yeye ni mtawa. Panga lilimpata begani, wakamwacha wakidhani amekwisha. Tangu hapo mkono wa kushoto ulining'inia tu, hauna kazi.

Emilienne alimvusha ziwa mwezi wa kwanza. Badala ya kumpeleka kwa wakimbizi wenzake katika kambi ya Mantapala, alimweka nyuma ya nyumba yake na kumjengea kibanda cha nyasi cha kusalia. Ziwa lilikuwa limefungwa, samaki hawakuwepo, kwa hiyo hakuna aliyepata kujua anakula nini na hali nini.

Walipofika nyumbani siku ile ya sufuria, Ambroise hakumgombeza. Afadhali angegombeza. Alimwuliza tu, kwa ile sauti yake ya chini, kwa nini amemvisha ugonjwa asio nao. Emilienne akawaka. Akamwambia ukweli wake umeshakula bega moja, je, anataka ule na la pili? Akamwambia yeye hana mtu mwingine duniani, na kama Mungu anahitaji watu wa kuchinjwa kwa ajili ya kipande cha samaki, atafute kwingine. Alipoishiwa maneno akalia, na Ambroise akamngoja amalize.

"Na bakiniuliza?" Ambroise alisema.

"Unyamaze. Uniapie, Fabien. Bakikuuliza, unyamaze tu."

Ambroise alifikiri. "Siapake," akasema, "lakini kunyamaza naweza. Kubongopa hapana, mudogo wangu."

Njia ya mwongo fupi, lakini Emilienne alipiga hesabu kwamba yake itafika angalau Pasaka.

Mwanzoni alerji ilipendeza. Wanawake walimwonea mgonjwa huruma, wakamletea maharagwe. Aliyempenda kuliko wote ni Bana Chiti, jirani yao, mama wa Chiti aliyekuwa akipiga kasia katika mitumbwi ya Boyd. Alimpikia visashi, majani yenye karanga za kutwanga, na Ambroise akamshonea wavu wake uliochanika, uzi kaushika kwa meno, sindano kwa mkono mzima. Jioni mtawa aliketi mlangoni akifunga mafundo katika kamba nyeusi ya kusalia. Watoto walipomwuliza, akawaambia kila fundo ni sala, na katika sala anataja majina ya watu anaowaombea. Kufikia kesho yake habari ilikuwa imeshafika bandarini, nayo imebadilika njiani: padri anafunga majina ya watu kwenye kamba.

Kisha nyavu za Boyd zikaanza kurudi na majani. Wengine walipata, yeye hakupata, na kila alipovuta wavu mtupu aliangalia upande wa nyumba ya Emilienne. Siku moja, akitaka kufidia, akamtuma Chiti kwenye ziwa lililokwisha kuchafuka, katika mtumbwi wenye ufa, na bandari nzima ilimwona akimtuma. Mtumbwi ulirudi wenyewe, tumbo juu. Maiti ya Chiti iliokotwa upande wa kisiwa cha Chisenga.

Watu wakalia msiba. Boyd alileta jeneza, akalia kuliko ndugu, lakini watu walikuwa wakimtazama yeye na kuutazama ule ufa. Mtu mwenye hatia ni kama mtu mwenye mzigo wa kuni: anatafuta pa kuutua. Akaanza kusema polepole, kwa mmoja mmoja, kwamba mtumbwi ni uleule wa siku zote, ufa ni uleule, kilichobadilika kijijini ni kitu kimoja tu, nacho kimevaa nyeusi.

Emilienne aliyasikia maneno hayo sokoni kabla hayajamfikia masikioni. Aliyasikia katika namna wanawake walivyonyamaza alipofika, na katika namna mtoto alivyovutwa mkono asimpite karibu. Asubuhi moja akakuta mafuta ya taa yamemwagwa mlangoni pa kile kibanda cha kusalia. Hakuna aliyekuwa amewasha. Yalimwagwa tu, yanukie. Alisugua kwa majivu na mchanga, akasugua mpaka vidole vikachubuka, na harufu ikabaki.

Akamsihi yaya yake avue kanzu, avae suruali na shati kama watu. Akakataa. Akamsihi basi aende Mantapala, hata leo. Ambroise akasema ataenda, lakini Bana Chiti bado hajala kitu tangu azike, na kila siku yeye humkalia karibu mpaka anywe angalau uji. Akianza kula, atakwenda. Emilienne alitamani kumpiga. Badala yake akawa anaamka kila alfajiri, anachungulia kama kibanda bado kipo, ndipo anawasha moto.

Tarehe ishirini na tano ya mwezi ule alikwenda Nchelenge kuuza chisense, wale dagaa wa ziwa lao. Waliuzika haraka, akarudi mchana kwa baiskeli ya kukodi, na furaha kidogo moyoni. Alipokaribia uzio wa Bana Chiti akaona watu wamesimama nje, hawaingii wala hawaondoki. Akachungulia juu ya mabega yao.

Ambroise alikuwa ameketi mkekani na Bana Chiti, sahani moja katikati yao. Alikuwa anakula samaki. Anakula kwa raha, anachambua miiba kwa mkono wake mmoja, na Bana Chiti, mama wa watu aliyekataa chakula tangu msiba, alikuwa anakula naye.

"Yaya," Emilienne alisema, akijipenyeza kati yao. "Unakula nini?"

Ambroise alimwangalia kwa furaha. Ilikuwa siku ambayo malaika alimpasha Maria habari, alisema, na siku hiyo, hata katikati ya Kwaresima, samaki ni ruhusa. Bana Chiti alikuwa amepika kwa mara ya kwanza tangu azike, alikuwa akisikitika kwamba mgeni wake hawezi kula, naye Ambroise akamwambia leo anaweza. Aliyasema hayo mbele ya wote. Hakujua kitu, masikini. Alifikiri ameleta heri.

Emilienne hakuwa amewaza siku hiyo. Alijua mfungo una mwisho, hakujua kwamba una madirisha katikati. Na wale waliosimama nje ya uzio walielewa jambo moja tu: mgonjwa wa jana leo hana ugonjwa. Mtu ametoka kuzikwa, na padri anakula.

Kabla jua halijashuka waliitwa bandarini. Kapembwa, mkubwa wa kijiji, alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, anafuta jasho. Kapembwa ni mtu asiyependa ugomvi, na kwa sababu hiyo huwa upande wa wenye kelele. Boyd alisema Kibemba ili kijiji kimsikie, halafu akarudia Kiswahili ili Wakongo wasije wakasema hawakuelewa.

"Mwiko wake umefunguliwa," alisema. "Mimi nauliza tu. Nani amelipa?"

Wote walimjua aliyezikwa. Kapembwa akamgeukia Ambroise, akamwuliza kwa adabu, karibu kwa kumbembeleza, kama ni kweli ana ule ugonjwa wa samaki au hana. Angesema ndiyo, nilibahatisha tu leo, nitavimba kesho, pengine wangekwenda nyumbani. Ambroise akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza, macho chini. Emilienne alisimama akikiangalia kimya kile, kimya alichokiomba mwenyewe kwa machozi, na kila kilivyozidi kurefuka watu walisogea. Mmoja wao alikuwa na dumu la petroli ya injini, amelishika tu, kama mtu aliyesahau kuliacha nyumbani.

"Haina ugonjwa," Emilienne akasema. Sauti ilitoka yenyewe. "Haikuwa na ugonjwa hata siku moja. Mi njo nilibongopa."

Akajaribu kueleza. Akaeleza Kwaresima, akaeleza Jumatatu, akaeleza malaika. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akizama, maana ukweli ukija nyuma ya uongo huvaa nguo zake. Mara ugonjwa, mara kalenda, mtu mmoja akacheka. Boyd akauliza, anayemfichia mchawi mwiko wake anaitwaje. Mikono ikamshika Emilienne kitenge, mwingine akamshika nywele, na dumu likafunguliwa kifuniko, akasikia ile harufu karibu na uso.

"Mumuache," Ambroise alisema. "Mi njo nilimutuma aseme vile. Yeye alikuwa hajue kitu."

Emilienne aliuangalia mkono wa yaya yake. Haukwenda kifuani. Mtu ambaye hakuweza kusema neno moja mbele ya bunduki ili aokoe bega lake alikuwa amesema uongo, waziwazi, mbele ya watu wote, na ameusema vizuri. Wakamwachia Emilienne palepale.

Alifungua kinywa aseme hapana, hakunituma. Alikifungua kweli. Lakini ile harufu ilikuwa bado puani. Akauacha uongo ule usimame.

Walimpiga Ambroise kwa makasia. Walimvua kanzu wakaimwagia petroli, wakaichoma juu ya mchanga, na ile kamba ya mafundo wakaitupa humo. Walimng'oa ndevu kwa mikono. Bana Chiti alijipenyeza kati yao akipiga kelele kwamba samaki alimpika yeye, kwamba mtoto ni wake na yeye hamlaumu huyu, lakini mwanamke mwenye msiba wakati ule nani anamsikiliza. Mwishowe Kapembwa akakumbuka kwamba ana simu. Gari la polisi likaja kutoka Nchelenge, likamchukua Ambroise akiwa amelala nyuma kama gunia, na kijiji kikaambiwa kirudi majumbani. Hakuna aliyeulizwa jina.

Alipona. Mantapala walimpa turubai na kipande cha shamba. Emilienne alipomtembelea alimkuta amevaa fulana ya mpira ya mitumba, analima mahindi kwa mkono mmoja, ndevu zimeanza kuota kwa mabaka. Alimletea karanga. Walikaa kivulini pa turubai, wakazungumzia mahindi, mpaka Emilienne akashindwa kujizuia.

"Ulibongopa juu yangu, yaya."

"Ndiyo."

"Unatubu?"

Ambroise alichezea ganda la karanga. "Kila siku naanza kutubu," akasema, "kisha naona mikono yao katika nywele yako. Ningesema tena. Njo ile inanitesa."

Emilienne akarudi Kabuta na jibu hilo, na halikumtoka. Aliuza samaki, alipima, alisalimia, Boyd naye alimsalimia, maana biashara ni biashara. Maneno ya kijiji yakawa yamekaa: padri alikuwa mchawi na alimtumia dada yake, dada mwenyewe hana kosa. Ulikuwa uongo mzuri sana kwake. Ulimlisha, ulimlaza salama, na kila siku hakuweza kuumeza wala kuutema. Desemba ziwa likafungwa. Akaanza kumwuliza yaya yake kwa simu, siku hii mnakula nini, siku ile je, mpaka akazijua siku zote na madirisha yake.

Mwezi wa tatu ziwa likafunguliwa, na mwaka huu Kwaresima ilikuwa imeshaanza. Emilienne angeweza kusingizia safari ya Nchelenge siku ya sufuria. Aliwaza hivyo usiku kucha. Asubuhi alifunga kitenge, akaenda bandarini, akaketi penye watu.

Boyd aligawa mwenyewe, kama kawaida. Alipofika kwake akainama na sahani ya bati, kipande cha mpale juu ya bukari, mchuzi unatoa moshi. Mate yalimjaa Emilienne mdomoni. Hakunyoosha mikono.

"Wewe pia una alerji?" Boyd aliuliza, na wawili watatu wakacheka.

Emilienne aliweka mkono kifuani. Hakukusudia, mkono ulikwenda tu.

"Hapana," alisema. "Niko muzima. Ni Kwaresima ya yaya yangu, sikulake samaki mpaka siku yake ifike." Akawageukia watu wote. "Na mwaka jana hakunituma. Ule uongo niliusema mi mwenyewe, juu ya woga. Yeye alibongopa mara moja tu, alisema alinituma, juu musinichome."

Kicheko kikakatika. Boyd alibaki ameinama na sahani yake, na watu wakamwangalia Kapembwa, naye Kapembwa akaangalia maji. Emilienne alitafuta kwa macho nani ameshika dumu. Fungu likirudi sufuriani nyavu zinarudi tupu, kila mtu pale alilijua hilo, na fungu lilikuwa hewani, halina mwenyewe.

Bana Chiti alinyanyuka pale alipoketi. Alikuja polepole, akaichukua sahani mikononi mwa Boyd bila kumtazama, akakaa chini karibu na Emilienne, bega kwa bega.

"La kwake nitakula mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, akamega bukari.

Akala. Alikula mpaka mwisho, akapangusa mchuzi kwa kidole, akaiweka sahani tupu mchangani ambapo wote wanaiona. Fungu halikurudi. Boyd alisimama kidogo, akaenda sufuriani, akachota sahani nyingine, akampa aliyefuata, na watu wakaanza tena kuongea, kwa sauti ndogo, mambo ya upepo.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Emilienne aliikazia macho ile sahani. Mwaka jana alikuwa ameketi palepale, karibu na yaya yake, na njaa ya miezi mitatu tumboni. Angenyoosha mkono tu, akasema la kwake nitakula mimi.

Akajifunika uso kwa kitenge, akalia, na Bana Chiti akamwacha alie.